Aulizwe Alivaaye Gwanda

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Juma hili twataka kulipeleka neno hilo jeshini, kwa sababu ipo habari ya nguo za vita ambayo kila mlipa kodi yafaa aijue, hata kama hajapata kushika bunduki maisha yake yote.

Habari yenyewe ni ya Marekani, nchi isiyokosa pesa wala wataalamu. Mwaka 2004 wakuu wa jeshi la nchi kavu la huko walitangaza gwanda jipya. Hapo kwanza askari wao walikuwa na magwanda ya aina mbili: la mabaka ya kijani kwa msituni, na la rangi ya mchanga kwa jangwani. Wakubwa wakasema, ya nini mawili? Tutashona moja tu, limfiche askari msituni, jangwani na mjini. Likatoka gwanda la miraba midogo midogo, rangi ya kijivu, ya mchanga na ya kijani kilichopauka. Mwaka 2005 likaanza kugawiwa kwa askari.

Sisi twauliza: nani alilijaribu? Jeshi lilikuwa limeshindanisha mabaka ya namna nyingi katika miaka ya 2002 hadi 2004. Lakini mabaka yaliyochaguliwa mwisho hayakuwa miongoni mwa yale yaliyoshindanishwa! Ni sawa na wazee wa kijiji kuwapima ng'ombe wote mnadani, kisha wakanunua ng'ombe ambaye hakuletwa mnadani.

Basi aliyelijaribu ni askari mwenyewe, na alilijaribu vitani huku akipigwa risasi. Katika milima ya Afghanistani, penye mawe ya hudhurungi na mabonde ya mashamba ya kijani, rangi ile ya kijivu ilimtoa nje badala ya kumficha. Mifuko ilifungwa kwa velkro, vile vitambaa vya kunatana. Vumbi likiingia, havinati tena. Na vikinata, kuvibandua kunapiga kelele usiku, wakati ambapo askari angependa hata pumzi yake isisikike. Suruali nazo zilichanika mapajani. Nguo iliyosifiwa kuwa inafaa kila mahali ikawa haifai mahali popote sawasawa.

Askari hawakunyamaza. Mwaka 2009 malalamiko yao yalimfikia John Murtha, mjumbe wa Bunge la Marekani, na Bunge likalitaka jeshi lichukue hatua. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo vikosi viwili vilivyokuwa Afghanistani vilipewa magwanda mengine ya majaribio, kila kikosi aina yake, kisha askari wakaulizwa. Wataalamu wa jeshi nao walikuwa wamepima kwa picha mabaka ya aina nyingi. Wakakuta kwamba mabaka mengine manne yalimficha mtu vizuri zaidi kuliko lile gwanda rasmi, kwa asilimia 16 hadi 36. Februari 2010 jeshi lilitamka kwamba askari waendao Afghanistani watapewa magwanda mengine.

Hebu hesabu, ndugu msomaji. Kutoka Oktoba mpaka Februari ni miezi minne. Miezi minne ya kumwuliza mvaaji ilileta jibu ambalo miaka mitano ya kutomwuliza haikulileta. Na hata hivyo lile gwanda la zamani halikuondoka upesi. Mrithi wake alianza kugawiwa kwa jeshi zima mwaka 2015, na lenyewe liliondolewa kabisa mwisho wa Septemba 2019. Magazeti ya huko yalikadiria kwamba shauri zima liligharimu dola bilioni 5. Hilo ni jasho la wananchi.

Na kosa hili si geni kwao. Mwaka 1942 waliwashonea askari waliokwenda kupigana na Wajapani katika misitu ya Pasifiki ovaroli ya mabaka, shati na suruali vikiwa kitu kimoja. Ofisini ilionekana nzuri. Msituni ilikuwa moto, na ikilowa ilikuwa nzito. Tena askari aliyeshikwa na tumbo la kuhara, na wengi walishikwa, ilimbidi avue nguo yote mpaka chini ndipo ajisaidie, adui akiwa karibu. Mwaka uliofuata, 1943, wakaitenganisha: shati mbali, suruali mbali. Mama yeyote aliyepata kumvisha mtoto angaliwaambia hayo mapema, tena bila malipo.

Wako watakaosema: jeshi ni amri, si baraza, askari apewe nguo avae, anyamaze. Hatukubali. Amri ina mahali pake, napo ni vitani. Nguo huchaguliwa kabla ya vita, na hapo hakuna dharura ya kumziba mtu mdomo. Kwani hata hiyo kaki, iliyoenea katika majeshi ya dunia nzima, haikuanzia katika ofisi ya London. Jina lake linatokana na neno la Kifarsi lenye maana ya vumbi, nayo ilianza kuvaliwa na kikosi cha mpakani huko Bara Hindi miaka ya 1840. Katika vita vya 1857 askari wa Kiingereza walichovya nguo zao nyeupe katika chai ili zifanane na udongo. Aliyekuwa juani ndiye aliyejua.

Ikiwa taifa tajiri laweza kukosea hivyo, je, taifa linalovishwa na wengine? Itazameni Afghanistani yenyewe. Jeshi lake lilivishwa kwa pesa za Marekani, na waziri wake wa ulinzi alichagua mabaka ya msitu ya kampuni ya kigeni baada ya kuyaona kwenye intaneti. Mwaka 2017 mkaguzi wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti: misitu ya nchi ile ni asilimia 2.1 tu ya ardhi yake, na chaguo hilo liliongeza gharama kwa dola zipatazo milioni 28. Askari wa jangwani wakavishwa msitu! Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nasi tusicheke sana, maana jambo hili twalijua kwetu. Wazee wetu wa Keya walizoeshwa kwenda peku miaka na miaka, wakaja kupewa buti wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, kwenye mvua kubwa na matope. Rangi ya nguo yao na uzito wa buti lao viliamuliwa na maofisa wa Kizungu. Mkoloni hakumhesabu askari Mwafrika kuwa mtu mwenye jibu. Ndiyo maana twasema kwamba Serikali huru inayomvisha askari wake bila kumwuliza imemfukuza mkoloni mlangoni ikamrudisha dirishani.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, gwanda lolote jipya lijaribiwe na askari wa kawaida, wenye kutembea na kulala nalo chini, kabla halijanunuliwa. Pili, lijaribiwe katika ardhi watakayoilinda: vumbi la Dodoma si tope la mikoko ya Rufiji, na joto la pwani si baridi ya Kilimanjaro. Tatu, maneno ya askari yaandikwe na yasomwe na wale wenye kutia saini malipo.

Askari akikosea, hulipa kwa damu. Ofisi ikikosea, askari huyohuyo ndiye alipaye. Basi aulizwe, tena aulizwe kwanza.