Mikono Peke Yake Haitoshi

Tarehe 1 Agosti 1969, mjini Kampala, Papa Paulo VI aliwawekea mikono mapadre wa Kiafrika akawafanya maaskofu. Katika zama hizi hakuna Papa aliyekuwa amekanyaga bara letu kabla yake. Mmoja wa waliopiga magoti mbele yake siku ile ni padre kijana wa Zambia, Emmanuel Milingo, aliyekuwa anakwenda kuliongoza Jimbo Kuu la Lusaka. Mwezi Septemba 2006 Milingo huyo huyo aliwawekea mikono wanaume wanne mjini Washington bila idhini ya Baba Mtakatifu. Vatikano ikatangaza kwamba ametengwa na Kanisa, na kwamba haizitambui daraja alizozitoa. Mwaka 2009 akaondolewa katika hali ya ukleri.

Toleo hili tunalianzia hapo makusudi, ingawa habari yenyewe ni chungu. Aliyemwekea mikono Milingo alikuwa Khalifa wa Petro mwenyewe, hadharani, mbele ya umati. Basi kilichokosekana Washington ni nini?

Tangu katekisimu ya kwanza wengi wetu tumeuelewa urithi wa mitume kama mnyororo: mitume waliwawekea mikono wafuasi wao, nao wakawawekea wengine, hadi kumfikia Baba Askofu anayetupa kipaimara. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Ukifuatilia nani alimweka wakfu nani, idadi kubwa mno ya maaskofu Wakatoliki wa leo wanaishia kwa Kardinali Scipione Rebiba, Mwitaliano aliyewekwa wakfu mwaka 1541. Kumbukumbu zinakoma kwake. Hakuna hati iliyopatikana ya kuthibitisha ni nani aliyemweka wakfu yeye. Papa Pius XII yumo katika ukoo huo, na ndiye aliyemweka wakfu Joseph Kiwanuka wa Masaka katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 29 Oktoba 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Kilatini katika nyakati hizi. Paulo VI naye aliwekwa wakfu na Kardinali Tisserant, ambaye aliwekwa wakfu na Pius XII alipokuwa bado Kardinali Pacelli. Kwa hiyo Kiwanuka na Milingo ni watu wa ukoo mmoja. Mmoja alilijenga Kanisa la Masaka mikononi mwa mapadre wazalendo, mwingine akaishia nje ya ushirika. Kama nasaba ingekuwa ndiyo yote, tusingekuwa na namna ya kuwatofautisha.

Mtakatifu Ireneo, Askofu wa Lyon, alilijua hilo mapema. Mnamo mwaka 180 alikuwa akipambana na walimu waliodai kwamba mitume waliwaachia watu wachache mafundisho ya siri. Jibu lake lilikuwa orodha ya majina. Aliwataja maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine, Lino, Anakleto, Klementi, hadi Eleutero wa siku zake. Katika ujana wake alikuwa amemwona Polikarpo wa Smirna, aliyewajua mitume. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: kama mitume wangekuwa na siri, wangewaambia kwanza wale waliowakabidhi makanisa. Nao wanafundisha hadharani, kila mtu anasikia, na wanafundisha jambo lile lile. Kwa Ireneo orodha ile ilikuwa shahidi wa imani. Haikuwa cheti cha heshima ya mtu.

Ndiyo maana Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka askofu mpya awekwe na maaskofu wa jimbo lote, na ikishindikana wasipungue watatu, huku wengine wakiridhia kwa barua. Na ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba mtu huingia katika urika wa maaskofu kwa kuwekwa wakfu na kwa kubaki katika ushirika na kichwa cha urika huo pamoja na viungo vyake. Mikono, imani na ushirika huenda pamoja. Washington mikono ilikuwapo.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya siku tunazoishi. Katika miji yetu mtu huamka asubuhi akajiita nabii, jioni akawa askofu, na mafundisho yake hayana wa kuyahoji. Waamini wetu huvutwa huko, hasa wanapouguliwa. Kuwakemea hakutasaidia. Waelezwe kwamba askofu wao hana ruhusa ya kufundisha ndoto zake, na kwamba hilo ni ulinzi kwao.

Lakini kauli hiyo inawabana maaskofu pia. Aliyepokea amana ya mitume ni mtumishi wake. Askofu anayelitazama jimbo kama shamba lake, au asiyefikika na maskini, hawezi kujitetea kwa kusema mikono iliyomgusa ilikuwa halali. Kufundisha, kutakatifuza na kuongoza ni kazi, na kazi hukaguliwa. Waamini wana haki ya kumwomba mchungaji wao awalishe imani ile ile, na pale inapobidi, kumweleza kwa heshima yale yanayohusu mema ya Kanisa. Sheria ya Kanisa yenyewe inawapa haki hiyo, na mara nyingine inawawajibisha.

Makala zinazofuata zinaingia ndani zaidi ya haya. Tunaomba zisomwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, si na makatekista peke yao, na maswali yatakayozuka yapelekwe kwa paroko. Na katika kila Misa, padre anapomtaja askofu wa jimbo lako kwa jina mara tu baada ya jina la Papa, umwombee.