Moro mji kasoro bahari, na kivuli je?

Wadau, sisi wa Moro tunajisifu kwamba huu ni "mji kasoro bahari". Mlima upo, mito ipo, embe zipo. Ila joto la Desemba hadi Februari siku hizi linatutoa jasho kwelikweli, na sioni watu wakiuliza kivuli cha mji kinakwenda wapi.

Chukua Mzinga. Kata iko pembeni ya mji, chini ya Uluguru, na ina mto wa jina hilohilo unaopeleka maji bwawa la Mindu. Wengi wanaamini kukaa karibu na mlima kunatosha. Hapana jamani! Msitu wa Uluguru ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na huko juu kweli kuna baridi. Lakini mti ulioko Bondwa haumfuniki mama ntilie anayesonga ugali kando ya barabara saa saba mchana, wala kijana wa bodaboda anayesubiri abiria. Kivuli kinafanya kazi pale pale kilipo.

Mji nao unajaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 Manispaa ya Morogoro. Ya 2022 ikahesabu 471,409. Hao 155,000 na ushee wanahitaji nyumba, siwalaumu. Ninacholalamikia ni namna tunavyojenga. Mtu akinunua kiwanja, kabla hata fundi hajachimba msingi, mwembe unaanguka. Halafu bati, ukuta, na uwani pevingi mpaka getini. Mwisho anapanda miashoki miwili mirefu myembamba, mizuri kwa picha, kivuli chake hakitoshi hata kuku.

Sasa bati na zege hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, ndiyo maana watu hulala milango wazi au hawalali kabisa. Mti hufanya mambo mawili: unazuia jua lisifike chini, na majani yake yanatoa mvuke unaopoza hewa, kama mtungi wa maji unavyojipoza wenyewe. Kwa hiyo mti mkavu, au mche wa mwaka mmoja, si sawa na mwembe wa babu.

Wala si suala la starehe tu. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2023 uliangalia miji 93 ya Ulaya. Ulikadiria kwamba kiangazi cha 2015 vifo zaidi ya 6,000 vilitokana na joto la ziada la miji, na kama miti ingefunika asilimia 30 ya miji hiyo, zaidi ya theluthi ya vifo hivyo ingeepukika. Hiyo ni Ulaya yenye feni na hospitali kila kona. Sisi je, wenye chumba kimoja cha bati bila dari?

Mtasema serikali inapanda miti. Ni kweli, kila halmashauri iliwekewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na tarehe 1 Aprili viongozi hushika majembe, kamera zikiwaka. Tatizo ni kwamba tunahesabu miche iliyopandwa, hatuhesabu iliyo hai Oktoba. Mche wa Aprili unakula mvua za masika, kisha Juni hadi Oktoba ni kiangazi na mbuzi. Nani ana ndoo?

Mimi ningeanza na sheria tuliyonayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukiziheshimu mita hizo kando ya mto Mzinga, na ukapanda miti ya asili badala ya mikaratusi, tayari una ukanda wa kijani unaopita kwenye makazi na unaolinda maji ya Mindu. Halafu kibali cha ujenzi kiulize: miti mikubwa mingapi ipo kiwanjani, na mingapi itabaki?

Kule Nairobi mwaka 2020, mugumo mmoja mkongwe wa Westlands ulinusurika barabara ya Expressway kwa amri ya Rais Kenyatta. Safi, lakini hebu fikirini, mti mmoja mpaka rais! Huku kwetu mwembe uliopo kwenye kiwanja cha mtu atautetea nani, mwenyekiti wa mtaa?

Nawasilisha.