Ujumbe wa Bariadi usizungushwe ng'ambo

Imekuwa ni jambo la kawaida katika nchi yetu kumsikia ofisa akimwambia mwananchi aliyefuata huduma, "Rudi kesho, mtandao hakuna." Maneno hayo husemwa Bariadi, husemwa Wete, husemwa Mkokotoni, na mwananchi huyapokea kama apokeavyo habari za mvua na kiangazi, kana kwamba kukatika kwa mtandao ni kudra isiyokuwa na mwenyewe. Sisi hatukubaliani na fikra hiyo. Mtandao ni njia, njia hutengenezwa na watu, na kila ilipo njia yuko mtu aliyeamua ipite wapi. Kwa hiyo leo tunapenda kuuliza swali moja tu: ujumbe utokao Bariadi kwenda Mwanza, au kuja Unguja, hupita wapi?

Msomaji wetu wa Visiwani anaweza kushangaa kwamba tumeiacha Unguja na Pemba tukaenda kuzungumzia Bariadi. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakaazi wake ni wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, na bahari ya chumvi wengi wao huisikia tu. Sisi tumezungukwa na maji, wao wamezungukwa na nchi kavu. Lakini katika mambo ya mawasiliano sote ni watu wa ncha ya kamba, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba kamba hukatikia pembamba. Linalomsibu karani wa Bariadi leo litamsibu karani wa Chake Chake kesho.

Ni vyema kwanza tueleze jinsi habari zinavyosafiri baina ya kompyuta, kwa kuwa wengi wetu tunaitumia njia hii kila siku bila ya kuijua.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Pemba anayesafirisha karafuu zake. Hazimwagi zote chombo kimoja kama mchanga. Huzitia katika magunia, na juu ya kila gunia huandika litokako, liendako, na namba yake. Magunia hayo yanaweza kupakiwa vyombo mbalimbali. Mengine yakapitia bandari ya Mkoani na mengine ya Wete. Yakifika mbele na nyuma si kitu, kwani mpokeaji atayapanga kwa namba. Akiona gunia la saba halipo, hupeleka habari kwamba la saba halikufika, naye mkulima huleta jingine. Hivyo ndivyo kompyuta zifanyavyo. Barua, picha au hesabu hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi herufi 1,500 kila kimoja. Kila pakiti hubeba anwani ya itokako na ya iendako. Fikra hii ilibuniwa katika miaka ya 1960 na Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja bila ya kujua kazi ya mwenzake. Shabaha ya Baran ilikuwa kupata mtandao ambao hata ukipigwa na adui sehemu moja, ujumbe utapita sehemu nyingine.

Katika kila njia panda ya mtandao kuna mashine ya kuelekeza pakiti, ambayo mafundi huiita ruta. Ruta haiijui safari yote ya pakiti, ila inajua kituo kinachofuata tu. Huitazama anwani, huangalia daftari lake la njia, kisha huikabidhi pakiti kwa ruta jirani, na jirani naye hufanya vivyo hivyo mpaka amana ifike kwa mwenyewe. Daftari hilo halikuandikwa mara moja likafungwa. Ruta hupashana habari daima: mimi nafika mahali fulani, njia yangu fulani imekatika. Ikikatika njia moja, zote huarifiana na kuchagua nyingine.

Lakini hapa pana mambo mawili ambayo viongozi wetu hawana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba ruta haiwezi kuchagua njia isiyokuwepo. La pili, nalo ndilo kubwa zaidi, ni kwamba baina ya kampuni na kampuni ruta haipimi kilomita. Inafuata mikataba. Pakiti itapita pale ambapo makampuni mawili yamekubaliana kukutana, hata kama mahali hapo ni mbali mara kumi kuliko njia ya mkato. Ramani ya mtandao, kwa hiyo, huchorwa kwa kalamu ya wanasheria na wahasibu kama inavyochorwa kwa sururu za wachimba mitaro.

Sasa tumtazame karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha Bariadi wakati wa msimu wa pamba. Amepima mzigo wa mkulima, naye anataka kupeleka hesabu benki mjini ili mkulima alipwe. Karani anatumia kampuni moja ya simu, benki inatumia kampuni nyingine. Ikiwa makampuni hayo mawili yanakutana Mwanza, hesabu itasafiri kasoro ya kilomita mia mbili na kurudi. Ikiwa yanakutana Dar es Salaam pekee, itavuka nchi nzima, zaidi ya kilomita elfu moja, na kurudi tena zote hizo. Na ikiwa hayakutani popote nchini, basi hesabu ya pamba ya Bariadi itazama baharini, ifike Afrika Kusini au Ulaya, ibadilishwe mkono huko, ndipo irudi kwa mtu aliye mtaa wa pili. Mkulima amesimama dirishani, na fedha za kigeni zinalipwa ili jirani azungumze na jirani.

Mtu asidhani kuwa hii ni hadithi. Kabla ya mwaka 2009, ambapo waya wa SEACOM ulifika katika pwani yetu kupitia chini ya bahari, na kufuatiwa na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilitegemea setilaiti iliyoko kilomita zipatazo 36,000 angani. Barua ya kompyuta kutoka ofisi moja ya Dar es Salaam kwenda ofisi ya jirani yake iliweza kupanda angani, kushuka nchi ya mbali, na kurejea kwa njia ile ile. Kwa kuona hasara hiyo, watoa huduma wa nchi yetu walianzisha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, yaani mahali ambapo kila kampuni huleta waya wake na kukabidhiana pakiti za ndani papo kwa papo. Baadaye vituo vya namna hiyo vikawekwa Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya na Zanzibar.

Jirani zetu wa Kenya wametangulia katika jambo hili, na safari yao haikuwa rahisi. Kituo chao cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 2000, lakini kwa malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na ukiritimba wakati huo, kilifungwa kwa amri baada ya wiki chache tu. Hawakukata tamaa. Walidai haki yao wakapata leseni, na mwaka 2002 kituo kikafunguliwa tena. Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2012 takriban asilimia 30 tu ya mawasiliano ya intaneti ya Kenya yalikuwa yakibadilishwa nchini humo. Ilipofika mwaka 2020 yalikuwa yamefikia asilimia 70. Penye nia pana njia, na mfano huo hauko mbali.

Wala hatuhitaji kwenda Nairobi kutafuta sababu ya kuharakisha. Mwezi Februari 2024 nyaya tatu ziliharibika katika Bahari ya Shamu, na SEACOM ilikuwa mojawapo. Njia yetu moja ya kaskazini ikawa imefungika. Kisha tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Shughuli za biashara zilizorota, ofisi zilikwama, na Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga milango yake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Macho ya nchi nzima yakawa yanaitazamia meli ya kutengeneza nyaya.

Hatumlaumu mtu kwa waya kukatika chini ya bahari. Nanga huburura, sakafu ya bahari huporomoka, na sisi watu wa Visiwani hatufundishwi hasira za bahari. Tunalouliza ni hili: ujumbe wa Bariadi kwenda Mwanza unahitaji bahari kwa kitu gani? Njia yake yote ni nchi kavu. Laiti kila kampuni ingekutana na mwenziwe Mwanza, na laiti kumbukumbu za huduma zetu zote zingekuwa zimehifadhiwa katika ardhi yetu, mkasa wa baharini ungetukosesha habari za ng'ambo tu, wala usingemfikia mwanafunzi wa Maswa anayefuata matokeo yake wala mgonjwa wa Meatu anayesubiri cheti.

Sisi Wazanzibari tunalo funzo letu wenyewe. Mwezi Disemba 2009 njia pekee ya umeme itokayo Bara ilipoharibika, Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu. Maji yakawa tabu, biashara zikadorora, wageni wakaondoka. Siku zile hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa maana ya kutegemea njia moja. Wakati huo ilikuwa umeme. Katika zama hizi, ambapo malipo ya Serikali, mishahara na mabenki vyote hupita katika mtandao, giza la mawasiliano lina uzito ule ule.

Wako watakaosema kwamba mkoa kama Simiyu hauna wateja wa kutosha, na kwamba kampuni kubwa haipati faida kukutana na kampuni ndogo katika kituo cha mkoani. Hoja hiyo tunaielewa, kwani kampuni kubwa hupenda ndogo inunue njia kwake badala ya kukutana nayo sawa kwa sawa. Lakini masafa ni mali ya umma, na anayepewa mali ya umma hupewa pamoja na wajibu. Barabara kutoka Bariadi hadi Lamadi haikutiwa lami kwa kuhesabu magari yaliyokuwa yakipita katika vumbi.

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao kwa wanaohusika.

Mosi, Mamlaka ya Mawasiliano iyafanye makutano ya ndani kuwa sharti, na si hiari. Kila kampuni inayouza huduma Kanda ya Ziwa ikutane na wenziwe Mwanza, na kila inayouza huduma Visiwani ikutane nao Zanzibar. Kituo kisichokuwa na makampuni ya kutosha ni chumba chenye kiyoyozi tu.

Pili, Mkongo wa Taifa ambao umeenea mikoani usifike mahali kwa mtaro mmoja tu. Bariadi ipate njia ya upande wa Mwanza na ya upande wa Shinyanga, ili greda likikata moja kwa kutengeneza barabara, ruta zipate ya pili. Njia mbili zilizozikwa shimo moja ni njia moja.

Tatu, wakurugenzi wa halmashauri na makatibu wakuu, wa Bara na wa Visiwani, wasitie saini mkataba wa huduma ya intaneti kwa kutazama kasi na bei pekee. Waulize pia: kampuni hii inakutana na nyingine wapi? Njia yake ya pili ni ipi? Kumbukumbu zetu zitalala nchi gani? Ofisa asiyeuliza maswali hayo ananunua gari bila ya kufungua boneti.

Nne, wafunzwe vijana wengi wa kuziongoza ruta, nao wapangwe kazi mikoani pia. Tukumbuke kwamba daftari za njia hujengwa juu ya kuaminiana. Mwezi Februari 2008 shirika la simu la Pakistan lilitangaza njia isiyo sahihi kwa nia ya kuifunga YouTube nchini mwake, na kwa muda wa saa mbili hivi watu wa nchi nyingi duniani wakaikosa. Kosa la fundi mmoja linaweza kupotosha dunia. Umakini wa fundi mmoja wa Bariadi unaweza kuuokoa mkoa.

Na wananchi wenzetu nao wana sehemu yao. Wapo wanaofukua nyaya za mkongo wakidhani watapata shaba ya kuuza. Ndani ya nyuzi hizo mna kioo chembamba kama unywele, kisichokuwa na bei sokoni, na anayezikata humnyima jirani yake dawa, fedha na habari. Zilindwe kama lindwavyo kisima cha kijiji.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja, na toka hapo visiwa hivi vikaweza kuzungumza na dunia. Ila waya ule uliwekwa na kampuni ya kigeni, na ulipita pale palipowafaa wenyewe. Leo nchi ni yetu, mkongo ni wetu, na vituo vya makutano viko katika miji yetu. Haitakuwa na udhuru wowote ikiwa ujumbe wa mkulima wa Bariadi utaendelea kuomba njia ugenini ili umfikie mtu wa mtaa wa pili. Usiache mbachao kwa msala upitao. Serikali zetu mbili zinayo mamlaka ya kulimaliza jambo hili, na sisi tutaendelea kuliuliza mpaka limalizike.