Mashine haijajaa, mdogo wangu

Ukipita Makina hadi Laini Saba kule Kibera, au ukishuka pale 46 Kawangware, hutakosa kukiona: kisanduku chenye taa ndani ya duka au kando ya kinyozi, kinameza sarafu za shilingi 20. Watu wanaziita mashine za Wachina. Vijana wetu walioondoka Mombasa na Malindi kutafuta riziki Nairobi wanazijua vizuri, na hata huku Pwani hatukusalimika nazo.

Uharamu wake sina haja ya kuurudia, Suratul Maida kila aliyepita chuoni anaijua. Nataka tuzungumze hesabu. Anayekaa mbele ya mashine hizi haoni kwamba anacheza kamari, anaona anasubiri chake. Utamsikia: "Hii imejaa, iko karibu kutapika." Akiinuka mwenzake aliyeliwa, yeye anakimbilia kiti.

Mashine halali, iliyokaguliwa, haina kumbukumbu. Kila mchezo unaanza upya, kama sarafu isiyojua jana iliangukia upande gani. Mashine isiyokaguliwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa kiasi cha kutoa kinabaki mikononi mwa mwenyewe.

Kule Las Vegas wapo watu wanaowinda jakpoti za mashine za karata. Chungu kinaongezeka kwa kila sarafu ya anayeliwa, hadi mtu apate kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree, zote kopa au zote shupaza. Wawindaji hao wanapiga hesabu, hawakai mpaka chungu kikue vya kutosha. Wanaweza kwa sababu jedwali la malipo liko wazi mbele yao, na sheria ya Nevada inalazimisha karata za mashine zitoke kama pakiti ya kweli ya karata 52. Hata hivyo, mchezaji hodari hupata mkono huo mara moja kwa takriban michezo 40,000. Kwa shilingi 20 kila mchezo, hizo ni sarafu za shilingi 800,000 kupita mkononi. Nyingi zitarudi njiani kwa ushindi mdogo mdogo, lakini kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku hana mtaji wa kungojea.

Ya simu nayo ni hiyo hiyo. Mwaka 2017 Samuel Abisai alipata zaidi ya milioni 221 za SportPesa kwa kubashiri mechi 17. Picha yake na hundi tuliiona sote. Tusichokiona ni kwamba mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinatoa mikeka 129,140,163 tofauti. Ujuzi wa mpira unapunguza ugumu, hauuondoi. Na zile milioni zimetoka wapi kama si kwa majirani zetu?

Serikali imejaribu. Enzi za Waziri Matiang'i mashine zilikusanywa na kuchomwa hadharani, zikarudi. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, inayounda mamlaka mpya ya kuisimamia. Mwaka huo huo sheria ya fedha iliweka ushuru wa asilimia 5 kwenye pesa zinazoingizwa katika akaunti za kubashiri. Pesa za simu zinaonekana, ni rahisi kuzifuata. Sarafu ya mbao iliyoangukia ndani ya kisanduku kisicho na leseni haina risiti, na hofu yangu ni kwamba mamlaka itakaa ofisini ikihesabu za simu.

Lakini kisanduku hakijiweki dukani. Kuna mwenye duka anayegawana na mwenye mashine, na kuna mwenye nyumba anayepokea kodi. Baadhi yao tunasimama nao safu moja Ijumaa, hawajawahi kutia sarafu hata moja, na wanajihesabu wamesalimika. Kuchoma mashine pekee kunamtia hasara mwenye mashine kwa wiki mbili. Mamlaka mpya ibandike orodha ya mashine zenye leseni katika ofisi ya kila chifu, kuanzia Kibera na Kawangware, na isiyokuwemo ikikutwa, mwenye duka na mwenye nyumba waitwe pamoja na mwenye mashine.