Cheti, digrii au kazi yenyewe? Soma hii kabla hujaajiri mtu wa kwanza

Leo naomba tusemezane ukweli kidogo.

Juzi nimeona tangazo la duka la nguo la mtandaoni. Wanatafuta mtu wa kujibu wateja, kupiga picha mzigo na kufuatilia bodaboda. Sharti la kwanza: awe na digrii ya masoko. Mshahara wenyewe, ukitoa nauli, inabaki hela ya vocha.

Mimi nasema kwa kazi zetu hizi, digrii isiwe mlango wa kuingilia. Chuo kinafundisha mengi ya maana, sikidharau. Lakini mteja anayeuliza saa mbili usiku "mnatuma Mwanza?" anataka jibu la haraka, lenye adabu.

Vyeti vifupi je? Vinasaidia, ila kisome vizuri. Cheti cha Google Ads mtu anakipata bure Skillshop, na kinadumu mwaka mmoja tu, kisha anarudia mtihani. Kwa hiyo angalia tarehe. VETA nao wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Fundi wako akiwa nacho, ujue kuna mtu asiye ndugu yake aliyeikagua kazi yake.

Zipo kazi ambazo cheti cha taaluma hakikwepeki. Ukitaka hesabu zako zikaguliwe rasmi, digrii ya uhasibu peke yake haitoshi, lazima mkaguzi awe amesajiliwa NBAA. Hapo usibane hela.

Kwa kazi nyingine, fanya hivi:

1. Mpe jaribio la siku moja, na umlipe. Apige picha bidhaa 3, aandike maelezo yake, ajibu meseji 5 za wateja wasumbufu.

2. Akikuonyesha cheti, mwulize: "Tangu ukipate umefanya nini?"

3. Mpigie mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Huyu atashika simu ya biashara na hela za wateja. Uaminifu hauandikwi kwenye cheti chochote.

Kuna vijana wamekulia kwenye genge la mama, wanajua kumtuliza mteja aliyenuna mpaka anunue tena. Neno "awe na digrii" linawafungia nje, na hasara ni yako.

Wewe tangazo lako la kazi linasemaje? Liweke kwenye komenti tulirekebishe pamoja.