Wazimamoto Wanaokaa Bure si Hasara

Kila msimu wa bajeti ufikapo, husikika lawama ileile: ati wazimamoto na madereva wa ambulensi hulipwa kwa kucheza bao wakingoja ajali. Lawama hii yatokana na kutojua hesabu, na walimu wetu wana wajibu wa kuisahihisha darasani.

Tangu 1909, A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyehudumu katika kampuni ya simu mjini Copenhagen, alionyesha namna ya kukadiria mambo yasiyokuwa na ratiba. Tuchukue mfano. Kituo hupokea wastani wa miito 2 kwa saa, na kila mwito hulishughulisha gari moja kwa wastani wa saa moja. Asiyejua atasema magari 2 yatosha. La hasha! Miito haisubiriani. Mara hukosekana, mara huja kwa pamoja, na kwa magari 2 foleni itarefuka bila kikomo. Magari yakiwa 3, wagonjwa 44 hivi katika kila 100 watangoja; yakiwa 4, watangoja 17; yakiwa 5, watangoja 6 tu. Wahenga walisema akiba haiozi.

Aidha, nafasi moja ya kazi isiyolala ina saa 168 kwa juma. Kwa mfanyakazi wa saa 40, wahitajika zaidi ya watu 4, kabla ya kuhesabu likizo na maradhi.

Hata hivyo, mimi ni mwanaisimu, na neno 'mahitaji' katika fomula hizi lanitia shaka. Kinachohesabiwa hasa ni miito iliyopokewa. Mwanakijiji aliyekata tamaa humpakia mgonjwa kwenye bodaboda bila kupiga simu, naye hamo katika rekodi. Tukifuata rekodi pekee, palipo na huduma pataongezewa na pasipo nayo patanyimwa. New York ilipofunga baadhi ya vituo vya zimamoto mwaka 1972 kwa kutegemea mifano ya taasisi ya RAND, wakosoaji walilalamika kwamba mitaa maskini ndiyo iliyoumia.

Katiba yetu ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na Kifungu cha 43 chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kaunti na zitumie hisabati, lakini kwanza ziulize hospitali na machifu ni wangapi waliofika, au waliofariki, pasipo kupiga simu yoyote.