Wa Jirani Anatembea, Wangu Bado

Siku ya kliniki huanza mapema. Kabla jua halijapanda, akina mama wamekwisha kaa kwenye benchi, watoto migongoni, kadi mkononi. Wakati tunatayarisha mizani tunasikia mazungumzo yao, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi hii mazungumzo hayo hayajabadilika.

"Wako ana miezi mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Hatembei?"

"Bado anashikilia vitu."

"Mh! Wangu alitembea wa kumi."

Hapo mama wa mtoto wa miezi 13 hunyamaza. Humfunika mwanawe kwa kitenge, ingawa hakuna baridi, na akifika mezani kwetu hatuulizi kitu wala yeye haulizi. Tunapima uzito, tunaandika, tunachoma sindano kama ni siku yake, kisha tunaita mwingine. Wapendwa wazazi, mwezi huu tunataka kusema juu ya hiyo "mh!" ya kwenye benchi, na pia juu ya ukimya wa mezani kwetu, kwa sababu vyote viwili vinawadhuru watoto.

Tuanze na habari njema. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto wenye afya na malezi mazuri katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walianza kutembea peke yao wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Kukaa bila kushikwa kulianza kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Watoto kama 4 kati ya 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, bali waliruka hatua hiyo wakasimama. Kwa hiyo mtoto wa miezi 13 anayeshikilia kiti na kuzunguka nacho yuko njiani, na yule wa miezi 10 anayetembea yuko njiani vilevile. Aliyetangulia hana akili zaidi, na mama yake hakufanya kazi ya ziada. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako kwa sababu ya baridi mtoto huvalishwa nguo tatu na kukaa mgongoni karibu siku nzima wakati wa palizi, wala si ajabu akachelewa kidogo kujaribu miguu yake. Mshusheni. Mpeni mkeka na nafasi.

Hapa tuseme neno juu ya vigari vya dukani, vile vya plastiki ambavyo mtoto hukalia katikati huku miguu ikining'inia. Wazazi wenye uwezo huvinunua ili mtoto "awahi". Havimwahishi. Vinampeleka kasi asiyoweza kuizuia, mpaka kwenye ngazi au kwenye jiko la mkaa, na nchi ya Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Kigari cha miti ambacho babu humtengenezea mjukuu, kile cha kusukuma, ni bora mara nyingi zaidi, kwa sababu mtoto anasimama kwa miguu yake mwenyewe, na akichoka anakaa chini.

Sasa habari nyingine, ambayo si nyepesi. Tuna msemo kwamba kila mtoto na siku yake. Ni msemo mzuri wa kumtuliza mama wa miezi 13. Lakini tumeona ukitumika kumlaza usingizi mama ambaye mwanawe alihitaji kuonwa na daktari upesi. Na panapokwisha msemo huo, linakuja neno lingine, baya zaidi: amebemendwa.

Wasomaji wetu wanalijua neno hilo. Mtoto akiwa mlegevu, au akikonda, au akichelewa kutembea, watu husema wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Sisi tunasema wazi: tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama, wala halilegezi miguu ya mtoto. Tunakubali kwamba wazee walikuwa na jambo la maana ndani yake. Walitaka mtoto anyonye muda mrefu kabla hajaja mwingine, na hilo hata leo tunalihimiza, maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Lakini neno lenyewe limegeuka kuwa hukumu. Likishatamkwa, mama hafikirii tena matibabu, anafikiria aibu.

Tutasimulia habari za binti mmoja, bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Aliletwa wodini kwa nimonia akiwa na miaka 2 na miezi 3. Mama yake alimfunika miguu hata daktari alipokuwa akimpima kifua. Kitenge kilipoondolewa tuliona miguu imekaza, imepishana kama mkasi. Shingo yake ilikuwa dhaifu bado. Daktari alisema ni mtindio wa ubongo. Mama alieleza kwamba uchungu ulimchukua siku mbili, na mtoto alipozaliwa alikaa muda mrefu bila kulia.

Kwa miaka 2 watu walikuwa wamemwambia mama huyu kwamba amembemenda mwanawe. Mume wake aliambiwa amuulize mkewe vizuri. Akaondoka kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai, akawa anarudi kwa nadra. Mama akaacha kwenda jumuiya, maana hata huko kulikuwa na macho, kisha akaacha kliniki.

Tulifungua kadi yake. Mwezi wa 3, uzito. Mwezi wa 6, uzito. Mwezi wa 9, uzito na chanjo ya surua. Baada ya hapo kadi ilikuwa nyeupe. Na mwandiko ule ulikuwa wetu. Mama alituambia kwa upole, bila kulaumu: "Sista, ile siku ya surua nilisema kwamba shingo haijakaza. Mkaniambia atakaza tu."

Hatukuwa na la kumjibu. Mtoto wa miezi 9 ambaye shingo haijakaza si wa kuambiwa "atakaza". Shingo hukaza mwezi wa 3 au wa 4. Kama tungemsikiliza siku ile, angeanza mazoezi mwaka mmoja na nusu mapema, na mama asingebeba peke yake lile neno la watu. Mtindio wa ubongo hauponi kwa mazoezi, lakini viungo visipofanyiwa mazoezi hukaza zaidi, na mtoto asiyewekwa vizuri wakati wa kula hupaliwa, chakula huingia kifuani, na hapo ndipo nimonia hutokea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha mama namna ya kumnyoosha, kumbeba na kumlisha akiwa wima. Fundi seremala wa kijijini akatengeneza kiti chenye mkanda na meza ndogo mbele. Leo ana miaka 4, anakaa kwenye kiti hicho, anashika kipande cha kiazi na kukipeleka mdomoni mwenyewe, nusu kinaanguka. Baba yake bado haonekani nyumbani kama zamani, lakini kiti alikilipia yeye.

Basi ni lini mzazi aache kungoja? Tunasema hivi. Kama miezi 5 imetimia na shingo bado, mlete. Kama hawezi kukaa mwenyewe akiwa na miezi 9, au hatembei akiwa na miezi 18, mlete. Kama anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, na ule mwingine ameukunja, mlete. Na kama alikuwa anaweza jambo fulani kisha akaliacha, alikuwa anasema "baba" na sasa hasemi, alikuwa anasimama na sasa hasimami, mlete wiki hiyohiyo. Mara nyingine tutamkuta mzima, ana ukosefu wa damu au lishe duni tu, mambo yanayotibika. Mara nyingine tutamkuta hana kitu chochote, nanyi mtarudi nyumbani mkicheka. Hatutawacheka sisi.

Kusema nako kuna hatua zake. Karibu na mwaka mmoja mtoto hugeuka akiitwa, na huwa na neno moja au mawili. Akifika miaka 2 huunganisha maneno: "mama uji", "baba njoo". (Kwa lugha yetu mtoto akisema "sitaki" amekwisha kusema sentensi nzima, na hilo wengi hulijua mapema sana.) Wengine wanaogopa kwamba kumsemesha kilugha pamoja na Kiswahili kutamchanganya. Msiogope, atazijua zote mbili. Linalotutia wasiwasi ni masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kupoteza usikivu, na nyumbani watasema ni mkaidi au mzito wa akili. Mpimeni hivi: simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi karibu naye, maana ataona kivuli au kusikia upepo, akageuka, nawe ukadhani amesikia. Na kama ni kiziwi, bado kuna lugha ya alama na kuna shule. Ile ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki tangu mwaka 1963. Lakini mtoto asiyejulikana kuwa kiziwi mpaka miaka 6 amekaa miaka 6 bila lugha yoyote.

Mzazi atauliza: nifanye nini nyumbani, nami sina muda? Hatuwaombi muda mwingine. Unapochambua mchicha, mpe jani, mwambie ni jani. Unapomwogesha, taja mguu, taja tumbo. Vizibo, vifuu na sufuria iliyotoboka ni vitu vya kuchezea vizuri kuliko vingi vya dukani, mradi visiwe vidogo vya kumeza. Mwache ale kwa mkono wake ingawa atapaka uji hadi nywele. Jambo moja tu msilicheleweshe: siku anapoanza kutembea, siku hiyohiyo inueni mafuta ya taa yaliyo kwenye chupa ya soda, na jiko liwekewe kizuizi. Wodi yetu ya walioungua imejaa watoto waliokuwa wamejifunza kutembea mwezi uliopita.

Na akina baba, mtoto akichelewa msimuulize mkeo alifanya nini. Njooni naye kliniki. Baba anapomshika mtoto mwenyewe mbele ya mganga, maneno ya mtaani hupungua nguvu.

Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Imeandikwa vizuri. Lakini kazi yenyewe inafanyika kwenye meza ya mizani, na mezani pale sisi wauguzi tumezoea kuuliza kilo tu. Pia tunasikitika kwamba wazazi wengi hawarudi kliniki baada ya surua ya miezi 9, ingawa kuna dozi ya pili ya miezi 18, na umri huo ndio hasa wa kuona kama mtoto anatembea na kusema.

Sisi tumeanza kuuliza swali moja zaidi kwa kila mama kabla ya kumvua mtoto nguo za kupimwa: "Tangu tulipoonana, anafanya jambo gani jipya?" Jibu tunaliandika pembeni mwa kadi. Foleni imekuwa ndefu, na wiki iliyopita wawili walinung'unika kwamba tunachelewesha watu wanaotaka kuwahi shambani. Tunaomba watuvumilie.